Usambara au Mkomazi: uende wapi kwanza kurekodi sauti za pori

Nina mafaili mawili ya saa moja moja ambayo huwawekea wageni wanaofika kwangu hapa Tanga. La kwanza nililirekodi msitu wa Amani, Usambara, mwezi wa Novemba, mvua za vuli zikiwa zimeshika. La pili ni la nyika ya Mkomazi, mwezi wa Julai, nyasi zimekauka zikawa rangi ya simba. Siku nilipomwekea shangazi yangu lile la Amani alivaa hedifoni, akasikiliza kidogo, akaniuliza, "Baba, hapa ulikuwa sokoni?" Nilipomwekea la Mkomazi alitulia, kisha akanigeukia. "Mbona hujawasha?" Nikamwomba asubiri. Ikapita kama dakika nzima. Hua akalia, mbali sana, mara moja tu. Shangazi akanyanyua kidole hewani, akakiacha hapo hapo mpaka hua alipolia tena.

Tofauti ya sehemu hizi mbili yote imo humo. Mlimani sauti zimejaa na kazi yako ni kuzitenganisha. Nyikani sauti ni chache na kazi yako ni kuzingoja. Watu wengi huniuliza waanzie wapi, na kila mara najua nitakachowajibu, lakini napenda waelewe sababu, kwa kuwa mwenye sababu tofauti na zangu atafanya vizuri kwenda kinyume cha ushauri wangu.

Kwanza tujue bahati tuliyonayo. Kuna nchi ambazo mtu anayetaka kusikia msitu wa mvua na nyika kavu hupanda ndege mara mbili. Sisi tunavipata vyote kwa basi, kwa sababu ya safu moja ya milima. Pepo za baharini hupanda Usambara zikiwa na unyevu, zinapoa, zinamwaga mvua upande wa mashariki. Zinazovuka ng'ambo zimeshakauka. Amani hupata kiasi cha milimita 2,000 za mvua kwa mwaka. Mkomazi, iliyoko nyuma ya Usambara na Pare, sehemu zake nyingi hazifikii hata nusu ya hizo. Jangwa kamili hatuna, na sitaki kumdanganya mtu. Anayelitaka jangwa lenyewe aende Chalbi kaskazini mwa Kenya, au Namib, ambako kuna vilima vya mchanga vinavyonguruma mchanga unapoporomoka ubavuni mwake. Lakini yale yanayomsumbua na kumfurahisha mrekodi jangwani, yaani upepo, vumbi, joto, umbali na ukimya, atayakuta Mkomazi bila kuvuka mpaka.

Msitu: Amani

Amani iko wilaya ya Muheza, Usambara Mashariki. Wajerumani walianzisha hapo kituo cha utafiti wa mimea na kilimo mwaka 1902, na hifadhi ya mazingira asilia tunayoijua leo ilitangazwa mwaka 1997. Inaanzia bondeni Sigi, chini ya mita 200 kutoka usawa wa bahari, na kupanda hadi zaidi kidogo ya mita 1,100. Ukipanda barabara ile na madirisha wazi utasikia nchi ikibadilika: chini nyenje wanapiga kelele nyembamba isiyokatika, na kadiri hewa inavyopoa kelele ile inalegea na milio ya ndege inapata nafasi.

Ukilala Amani, usingizi wako wa kwanza utakatwa na perere. Ni mnyama mdogo, hamzidi sungura kwa mengi, anaishi mitini, na ukimwona mchana huwezi kuamini kuwa ndiye yule wa usiku. Huanza na mikwaruzo kama bawaba kavu ya mlango, ikapanda, ikageuka mayowe. Mwingine humjibu kutoka ng'ambo ya bonde. Komba nao huingia kati. Chini kabisa, kwenye madimbwi, vyura wanapokezana, na ukikaa kimya nusu saa utaanza kutambua kwamba kila aina imeshika kimo chake cha sauti na haimwingilii jirani.

Alfajiri ndiyo saa yenyewe. Hapa kwetu karibu na ikweta jua halihamihami sana mwaka mzima, kwa hiyo hesabu ni rahisi: uwe umeshakaa mahali pako saa kumi na moja kamili. Kama saa kumi na moja na nusu, kabla hujaweza kuona kiganja chako, ndege wa kwanza anaanza. Mbega wananguruma kutoka vileleni mwa miti, kundi moja likijibiwa na jingine. Jua likishatoka hondohondo wanaanza safari zao, na hao nakuomba usiwarekodi kwa milio yao tu. Wasubiri wapite juu yako. Mabawa yao yanavuma kwa nguvu kiasi kwamba unaweza kuhesabu mapigo, na uvumi ule unapotoka sikio la kushoto kwenda la kulia ndani ya hedifoni, mtu yeyote uliyemwekea atainua kichwa kuangalia dari.

Kuna jambo moja la kitaalamu ambalo likikuingia utausikia msitu kwa namna nyingine. Vigogo na majani hurudisha sauti, ikagonga huku na huku, ikafika sikioni mwako imechelewa na kuchanganyika. Mlio wa harakaharaka wenye vipande vingi huharibika njiani. Filimbi ya polepole, ya kimo kimoja, hufika salama. Mwanabiolojia wa Marekani, Eugene Morton, aliandika mwaka 1975, kutokana na sauti za ndege alizozipima Panama, kwamba ndege wa msituni huelekea kutumia milio ya namna hiyo ya pili, na wale wa mahali pa wazi hutumia zaidi milio ya kukatakata. Mimi nilipoyajua hayo nilirudia mafaili yangu yote. Zile filimbi ndefu za Amani, zilizolowa mwangwi kana kwamba ndege yumo ndani ya msikiti mkubwa usio na watu, kumbe mwangwi wenyewe umezichagua.

Sasa matatizo. La kwanza ni maji. Safari yangu ya pili Amani niliweka rekoda hatua kumi hivi kutoka kijito, nikaona nimepata mahali pazuri. Nilipoteza usiku mzima. Maji yanayoporomoka hutoa sauti za kila kimo kwa wakati mmoja, nzito na nyembamba, hayaachi upenyo. Ukitaka ndege au vyura, weka mgongo wa kilima kati yako na mto. Ukiutaka mto wenyewe, basi urekodi peke yake, kwa karibu, mahali unapopita kwenye mawe, na ujue unachokirekodi: Mto Zigi unashuka hadi bwawa la Mabayani, na ndiyo maji tunayofungua bombani hapa mjini.

La pili ni matone. Mvua ikikatika watu hudhani msitu umetulia. Kwa saa mbili tatu baadaye majani yanaendelea kudondosha, na tone moja likigonga rekoda linasikika kama ngoma. Mzee mmoja mwongozaji, niliyemsalimu shikamoo asubuhi na kunitazama tu nikihangaika kuhamisha vitu vyangu mti hadi mti, alinipa dawa yake jioni. "Mwanangu, tafuta sponji." Kipande cha sponji ya godoro juu ya kijibanda cha rekoda kinameza matone yote. Tangu siku hiyo sisafiri bila sponji.

La tatu ni binadamu. Hifadhi imezungukwa na vijiji na mashamba ya chai, na mengine yameingia katikati. Utasikia bodaboda, jogoo, adhana, redio, na siku nyingine msumeno wa mashine. Bernie Krause, Mmarekani aliyerekodi sauti za pori kwa miongo mingi, huzigawa sauti za mahali katika mafungu matatu: za dunia yenyewe kama upepo na maji, za viumbe, na za watu. Wako warekodi wanaotupa fungu la tatu lote. Mimi jogoo na adhana siviondoi, kwa kuwa watu wa Amani nao ni wa Amani. Msumeno ndio unaoniumiza, na huo pia nauacha kwenye faili, nikaandika saa na tarehe, maana siku moja mtu atataka kujua ulianza kusikika lini.

Mwaka 1892 mtawala wa Kijerumani wa hapa Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, alipeleka Ulaya ua dogo la zambarau kutoka Usambara, na leo limekaa kwenye vyungu vya madirisha dunia nzima. Ua lilichukulika kwa chungu. Perere na hondohondo wa msitu uleule hawachukuliki hivyo. Aliye mbali atawapata kwa rekodi peke yake.

Nyika: Mkomazi

Mkomazi lilikuwa pori la akiba tangu mwaka 1951, likapandishwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2008. Ni zaidi ya kilomita za mraba 3,200, sehemu Kilimanjaro, sehemu mkoani kwetu, na kwa kaskazini inaungana na Tsavo ya Kenya. Ni nchi ya migunga, mibuyu, vichuguu na udongo mwekundu.

Saa ya kwanza utasikitika. Umetoka mbali, umelipa, umekaa, na hakuna kitu. Kisha sikio linaanza kufunguka. Tetere mmoja. Kwale wawili wanazozana. Kitu kinavunja kijiti. Kwenye kichuguu kilicho mbele yako, ndege wadogo wenye madoa mekundu na manjano wanapanda juu na kuanza kuimba wawili wawili, mmoja akidakia mwenzake kwa haraka kiasi kwamba bila kuwaona ungeapa ni ndege mmoja. Kanga wanapita wakilalamika. Mbuni dume akitoa ule mlio wake mzito utadhani ni simba, na wapo waliorekodi wakarudi nyumbani wakitangaza wamepata simba. Baada ya jua kupanda kidogo ndege waitwao firigogo wanakuja kunywa maji kwenye bwawa la Dindira, na unawasikia hewani kabla hujawaona.

Uzuri mkubwa wa nyika ni umbali. Usiku ardhi hupoa upesi kuliko hewa iliyo juu yake. Hewa baridi inalala chini, ya uvuguvugu inabaki juu, na sauti iliyokuwa inapanda inapindishwa kurudi ardhini. Kwa hiyo kuanzia machweo hadi alfajiri mlio wa fisi aliye mbali sana unakufikia kana kwamba yuko nyuma ya gari. Mchana mambo hugeuka: ardhi inaungua, hewa ya chini ndiyo ya moto, sauti inapindia juu na kupotea. Pundamilia unayemwona kwa macho kabisa, mdomo unafunguka, husikii kitu. Tena hewa kavu hula sauti nyembamba kuliko hewa yenye unyevu. Mlio wa juu unaosafiri vizuri Muheza hautafika mbali vivyo hivyo huku.

Halafu wako tembo. Sehemu ya mazungumzo yao iko chini ya hezi 20, yaani mitetemo 20 kwa sekunde, ambako sikio la binadamu halifiki. Mtafiti Katy Payne aliligundua hilo mwaka 1984 kwenye bustani ya wanyama ya Portland, Marekani, alipohisi hewa ikitetemeka karibu na tembo bila kusikia sauti. Mimi nimewahi kukaa ndani ya gari lililozimwa, tembo wako upande wa pili wa bwawa, na kifua kikatetemeka kama mtu anayesimama karibu na spika ya taarab ikiwa imefunikwa na blanketi. Sijui kama ndiyo kitu kile kile. Kwenye rekodi hakukuwa na kitu, na hapo kuna somo la vifaa nitakalolieleza sasa hivi.

Adui wa nyika ni upepo. Alfajiri hewa imetulia, lakini kuanzia kama saa tatu asubuhi jua linapopasha ardhi moto, upepo unaamka na haulali mpaka jioni. Ule mngurumo unaousikia kwenye rekodi si sauti ya upepo hata kidogo. Ni hewa inayogonga maikrofoni yenyewe. Sauti ya upepo ni ile inayotoka kwenye nyasi kavu, kwenye maganda ya migunga yanayogongana, kwenye mashimo ya mbuyu. Kuna aina ya mgunga Afrika Mashariki wenye vinundu ambavyo sisimizi hutoboa, na upepo ukipita kwenye vitobo vile mti unapiga mluzi. Hiyo ndiyo sauti ya upepo. Ili uipate lazima uizuie ile nyingine.

Julai ile ya faili la shangazi nilivua manyoya ya kuzuia upepo yanayovikwa maikrofoni, kwa sababu yalikuwa yameshika miiba na nilitaka kuyasafisha jioni. Nikajiambia alfajiri hakuna upepo. Saa ya kwanza ikaenda vizuri, na ndiyo hiyo anayoisikiliza shangazi. Saa tatu zilizofuata, ambamo firigogo walikuja kwa mamia, ni mngurumo mtupu. Inaniuma mpaka leo.

Kinachoamua kuliko mandhari: ulichonacho mkononi

Watu huchagua kwa picha. Milima ya kijani au tambarare nyekundu. Mimi nasema chagua kwa maikrofoni.

Kila maikrofoni ina mvumo wake wa ndani, kama friji inavyovuma jikoni usiku. Mahali penye kelele huusikii. Mahali pakimya ndiyo sauti pekee utakayoisikia. Amani, nyenje wakiwa kazini na mto uko bondeni, hata simu ya kawaida itakupa kitu cha kufurahia, kwa sababu sauti za msitu zinaufunika mvumo wa simu. Peleka simu hiyohiyo Mkomazi alfajiri, utarudi na saa nzima ya "shhhh" na hua mmoja ndani yake. Kwa nyika tafuta maikrofoni ambayo mvumo wake wa ndani hauzidi desibeli 15 hivi. Namba hiyo huandikwa kwenye karatasi ya sifa zake. Za namna hiyo ni ghali. Kuazima ni bora kuliko kununua mbovu.

Tatizo jingine la simu ni kwamba nyingi zinajifanya kujua. Zinapandisha na kushusha kiwango cha sauti zenyewe, na zinafuta kile zinachodhani ni kelele, yaani kila kitu kisichokuwa maneno ya mtu. Kwa simu, pori lote ni kelele. Tafuta programu inayorekodi kwa WAV, yaani faili la sauti isiyobanwa, na inayokuruhusu kuzima marekebisho hayo, usiishike mkononi, iweke juu ya kitambaa kilichokunjwa.

Ukiwa na rekoda, weka hezi 48,000 na biti 24, ndivyo vipimo vya ubora wa rekodi. Stereo kwa kiwango hicho hula takribani gigabaiti 1 kwa saa, kwa hiyo memori kadi ya gigabaiti 32 inakutosha usiku na asubuhi yake na chenji inabaki. Rekoda nyingi zina kitufe cha kukata sauti nzito, chini ya hezi 80 au 100. Amani kiwashe bila wasiwasi kama kuna gari au jenereta mbali. Mkomazi fikiri kwanza: kitakuondolea sehemu ya mngurumo wa upepo, na pamoja nao kitaondoa kila kilicho chini ya hapo. Changu kilikuwa kimewashwa siku ya tembo.

Kwa wanaotaka kuacha kifaa porini usiku kucha, AudioMoth ni kijisanduku kidogo kinachotumia betri tatu za AA, unakipangia saa za kuamka na kulala, na kinaweza kurekodi kwa kiwango cha hadi hezi 384,000, yaani hata popo unawapata. Kinafaa zaidi Amani. Kwa ruhusa ya wenye hifadhi unakifunga mtini na kukirudia. Kule nyikani nyani ni wadadisi na tembo hujikuna popote.

Unyevu na vumbi vinalingana kwa ubaya, ila vinaua kwa namna tofauti. Vumbi unaliona, unalifuta kwa brashi. Unyevu wa Amani unaingia taratibu usiku, na asubuhi maikrofoni inakoroma bila sababu inayoonekana. Weka vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu, vingi, ndani ya chombo kinachofunga vizuri, na rekoda ikitoka kwenye baridi iache kwanza ndani ya begi mpaka ipate joto.

Na mavazi. Jaketi la nailoni linasikika kuliko ndege. Vaa pamba. Kikoi kizee na fulana ndivyo vazi la mrekodi.

Njia, ruhusa, na usiku

Amani ni ya mwenye mfuko mdogo. Kosta ya Tanga hadi Muheza ni lami tupu, kisha unapanda gari la Amani ambalo linajaa mapema na barabara yake ni ya kuvumilia, hasa kipindi cha masika. Hifadhi iko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, unalipa kiingilio getini, unachukua mwongozaji, na unatembea kwa miguu. Kutembea ni nusu ya furaha yote. Unaweza kusimama, kurudi nyuma hatua tatu, kukaa chini ya mti ule na si ule. Angalia tu siafu kabla ya kukaa.

Mkomazi ni ya gari. Geti la Zange liko karibu na Same, zaidi ya kilomita 200 kutoka Tanga kupitia Segera, Korogwe na Mombo. Ndani ya hifadhi huzunguki kwa miguu ovyo. Kushuka kwenda mbali na gari kunahitaji askari wa hifadhi mwenye silaha. Wala huruhusiwi kuendesha gari usiku. Hili wengi hawalihesabu: ukilala Same mjini na kusubiri geti lifunguliwe, alfajiri yako imekwisha. Lazima ulale kambini ndani. Gari likizimwa nalo linaendelea kutoa sauti, injini inapoa tiki tiki kwa dakika kumi na zaidi, kwa hiyo sogeza maikrofoni mbali kwa waya kadiri askari atakavyokuruhusu. Na barabara kuu ya Moshi inapita pembeni. Ule upindaji wa sauti unaokuletea fisi usiku unakuletea na malori. Nenda ndani zaidi.

Tanga tuna usemi wetu, waja leo waondoka leo. Mkomazi usiifanye hivyo. Siku ya kwanza yote itakwisha katika kuzoea ukimya, na rekodi nzuri zitaanza ya pili.

Kuhusu majira, Amani inaimba zaidi mvua zikianza, Oktoba mpaka Desemba, ingawa mvua yenyewe inaweza kukufungia ndani siku nzima. Januari na Februari ni salama kwa vifaa na bado kuna sauti. Mkomazi kiangazi ni kikavu na kikimya, wanyama wanakusanyika kwenye maji na unajua pa kuwangojea. Ikinyesha nyika inalipuka vyura na wadudu kwa siku chache, kitu cha ajabu, lakini barabara za udongo zinaweza kukushika.

Ukingoni, kwa asiyeweza kuamua

Liko chaguo la tatu ambalo nalipenda kuliko ninavyoweza kulitetea. Panda Lushoto, nenda Irente, au endelea hadi Mtae, ukae ukingoni kabisa ambako mlima unakatika. Nyuma yako ni mlima wenye ndege wake. Mbele yako, Irente, ni tambarare ya Mazinde, yapata mita elfu moja chini. Hakuna kinachozuia sauti kati yako na huko. Jioni hewa ikitulia unasikia njuga za ng'ombe, mbwa, mtu anamwita mtoto, lori linabadilisha gia, na treni ikipita, honi yake, kwenye reli ile ile ambayo Wajerumani walianza kuilaza hapa Tanga mwaka 1893 na kuifikisha Mombo 1905. Si sauti za pori tupu. Ukitaka pori, msitu wa Magamba uko jirani. Lakini kwa kujifunza umbali, kwa kusikia dunia mbili kwenye masikio mawili, sijaona mahali pengine mkoani.

Mwenye siku moja tu asihangaike na sehemu yoyote kati ya hizi. Aende Mapango ya Amboni, nje kidogo ya mji, asikilize popo.

Ningemwambia nani aende wapi

Mwenye simu tu, au rekoda ya bei nafuu: Amani, bila kufikiri mara mbili. Mwenye watoto, Amani, kwa sababu msitu unawapa watoto kitu kila dakika. Asiyejua bado kama kazi hii anaipenda, Amani vilevile.

Anayekwenda Mkomazi nataka awe na mambo matatu: maikrofoni yenye mvumo mdogo, manyoya ya upepo ambayo hatayavua, na siku zisizopungua tatu. Akikosa moja asubiri. Ila kuna mtu mmoja ningempeleka nyikani hata bila rekoda, naye ni yule ambaye ameishi kwenye kelele muda mrefu, wa gereji, wa bandarini, wa kuuza nguo barabara ya kumi na mbili kutwa nzima na spika masikioni. Akae chini ya mgunga tangu giza mpaka saa tatu. Asirekodi chochote.

Popote uendapo, usichezee ndege rekodi ya mwenzao ili aje karibu. Dume anaacha chakula na kiota kuja kupigana na adui asiyekuwepo. Na kila mwisho wa rekodi sema kwa sauti yako mahali, tarehe, saa na hali ya hewa. Utadhani hutasahau.

Mtoto wa jirani amemaliza kidato cha sita na ana wiki mbili mkononi. Jana nilimpa rekoda yangu, sponji, na pakiti mbili za betri, nikamwandikia namna ya kupata gari la Amani pale Muheza. Aliniuliza, "Mjomba, na Mkomazi?" Nikamwambia arudi kwanza na perere, tumsikilize wote na shangazi. Mkomazi tutakwenda naye Julai, na manyoya nimeshayasafisha.